Mimi ni mwoga, na kansa ya titi niliipitia hivyo hivyo

Kwetu Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, mvua kubwa ikianza usiku, mimi ndiye wa kwanza kuamka kusikiliza kama udongo wa mlimani unateremka. Ndivyo nilivyozaliwa. Basi nilipoambiwa kwamba uvimbe wa titi la kushoto ni kansa, ndugu na majirani walinitwisha kazi nisiyoiweza: "Mama, jikaze. Mwenye kuogopa ndiye anayekufa."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kisu cha daktari. Nikawa nalia, halafu naogopa kwamba kulia kwenyewe kunaulisha ugonjwa. Muuguzi mmoja mtu mzima, si wa maneno mengi, alinikuta hivyo akasema, "Lia, mama. Sindano tu usikose."

Baadaye mtoto wangu, anayesoma chuo, alinisomea kwenye simu. Mwaka 1999 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti wa wanawake 578 wenye kansa ya titi. Haukuona kwamba moyo wa kupambana unarefusha maisha. Hatari ilionekana zaidi kwa waliokata tamaa kabisa. Nilimwambia arudie kusoma, shangazi zake wasikie.

Toka hapo hofu nikaipa kazi. Mwoga hasahau kitu. Nilinunua daftari la shule, nikaandika tarehe za shimio, yaani dawa kali za kuua kansa, joto la mwili kila jioni, na maswali ya kumuuliza daktari, maana ukiingia mle ndani akili yote inakimbia. Ndiyo maana nilijua kwamba shimio hupunguza chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili, kwa hiyo homa ya nyuzi 38 si ya kungojea asubuhi. Nilijua pia kwamba ile dawa nyekundu ya shimio hugeuza mkojo kuwa mwekundu. Jirani yangu wa wodi, shujaa anayetuchekesha sote, hakuuliza. Kelele aliyopiga chooni siku hiyo!

Kilichonishinda zaidi kilikuwa kuomba. Mimi ni mtu wa kunyamaza na shida zangu. Lakini pesa ziliisha, nikaenda kwa mama anayeshika likelemba yetu sokoni, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, nikamwomba nipewe zamu yangu mapema. Akaniuliza kwa nini nimechelewa hivyo kusema, akainuka kwenda kuwaona wenzake.

Kazi yangu ni ushonaji. Baada ya titi kuondolewa, blauzi zote zilikaa upande. Nikakata kitambaa laini cha pamba, nikashona kifuko cha mviringo, nikajaza pamba peke yake. Kikapanda hadi shingoni. Nikafungua mshono, nikatia mtama kwa chini, kidogo kidogo, hadi kikatulia kwenye sidiria. Kabla ya kukifua mtama unatolewa, la sivyo utaota.

Wanasaikolojia Tedeschi na Calhoun wa Marekani walitunga mwaka 1996 maswali 21 ya kupima mtu alivyokua baada ya balaa: uhusiano na watu, njia mpya, nguvu zake, imani, kuthamini uhai. Wanasema ukuaji huo unaweza kukaa pamoja na maumivu. Mimi najiona kwenye watu na kwenye njia mpya. Kuthamini kila siku, hapana; siku ya kugombania bidoni za maji bado inanikera kama zamani.

Sasa wanawake wananiagiza vifuko. Nikimpima mteja ambaye bado yuko kwenye shimio, namuuliza jana jioni joto lilikuwa ngapi. Asipojua, nampa daftari kwanza.