Sikupigwa kwenye boila, baba mdogo

Naandika nikiwa nyumbani Kibosho, Kilimanjaro, na bado nina donge. Juzi tulipokutana ukoo, ndafu imeshakatwa, mtu akaulizia boila ya kupasha nyumba joto niliyofungiwa kwenye nyumba yangu kule Leeds, Uingereza. Nikataja bei: pauni 2,900, kazi na vifaa. Simu zikatoka, hesabu zikapigwa, karibu milioni kumi. Baba mdogo akatikisa kichwa, akasema mbele ya wakwe: "Mwanangu, wazungu wamekupiga. Hiyo fundi bomba yeyote wa Mbuyuni anakufungia kwa laki mbili na soda."

Nilinyamaza kwa heshima. Lakini kulikuwa na vijana waliocheka na wenzao, kisha wakanifuata pembeni kuniuliza habari za viza. Hao ndio wananifanya niandike.

Milioni kumi naijua. Naijua kwa nondo na kwa mifuko ya saruji, na hakuna aliyeko nje asiyegeuza kila bili kuwa shilingi kabla ya kulala. Ila kule joto la nyumba si anasa. Boila ni sanduku linalotundikwa ukutani. Linachoma gesi inayoingia kwa bomba kutoka mtaani, linapasha maji, pampu inayazungusha kwenye rejeta, yale mabamba ya chuma yanayotoa joto katika kila chumba, yanarudi yamepoa, yanapashwa tena. Hilohilo ndilo linalotoa maji ya moto bafuni. Likizima Novemba na una watoto wadogo, huna wiki za kutafakari.

Na gesi hiyo ikiungua vibaya, au moshi wake ukikosa njia ya kutoka, inazaa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Sisi watu wa mlimani tunaifahamu hata kama hatuitaji: ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani mwezi wa saba, madirisha yamefungwa. Wiki hii nimeingia nyumba mpya nzuri sana hapa Moshi mjini, hita ya gesi ya mtungi imetundikwa ndani ya bafu lisilo hata na dirisha la kufunguka. Nilimwambia mwenye nyumba palepale aitoe. Wewe unayejenga, ukifungiwa hita ya namna hiyo, uliza moshi wake unatokea wapi kabla hujauliza bei.

Uingereza wameliwekea jambo hili sheria. Anayefanya kazi ya gesi nyumbani kwako kwa malipo lazima awe kwenye rejista ya Gas Safe, iliyochukua nafasi ya rejista ya zamani, CORGI, Aprili 2009. Ana kitambulisho chenye picha, namba na tarehe ya kuisha, na nyuma zimeandikwa kazi anazoruhusiwa. Wapo wanaoruhusiwa majiko ya kupikia lakini boila hapana, kwa hiyo geuza hicho kitambulisho usome nyuma. Namba yake unaitafuta kwenye tovuti ya rejista, bure. Vishoka wapo hata kule, msidanganyike.

Boila yangu ya zamani ilipozima, wa kwanza kuja kwangu alikuwa muuzaji wa kampuni moja kubwa. Nilimfungulia mlango nimetoka zamu ya usiku. Akanitazama, akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Hati ina jina langu. Mkopo wa nyumba naulipa kwa mshahara wangu kila mwezi. Na mtu amesimama kizingitini kwangu ananiuliza mwenye nyumba yuko wapi! Hilo sijalisahau na sitalisahau.

Akakaa mezani na kishikwambi chake. Juu hakupanda, rejeta hakugusa. Akasema nahitaji boila ya kilowati 35, zaidi ya pauni 4,000, ila kuna punguzo nikisaini jioni ileile. Wadogo zangu, punguzo linalokufa usiku huohuo likimbieni. Mkataba uliosaini ukiwa nyumbani kwako kwa kawaida una siku 14 za kughairi, kwa kanuni za mwaka 2013, lakini ni heri usisaini kabisa kuliko kuanza kuhangaika na barua. Mwingine alinipa bei kwenye simu. Ilikuwa bei nzuri, ila hakuuliza hata nina bafu ngapi, nikaachana naye.

Niliyempa kazi ni mzee mmoja anayefanya kazi na mwanawe. Alinionyesha kitambulisho kabla sijaomba. Kisha akaanza kuuliza: tuko wangapi, nani anaoga saa ngapi, chumba gani hakipati joto. Akapita chumba kwa chumba akipima rejeta na madirisha, akapanda darini kuangalia kama kuna sufi ya kuzuia joto lisitoroke. Akalifuata bomba la gesi kutoka kwenye mita hadi jikoni. Akasema ni la milimita 15, na kwa umbali ule boila ikiwaka kwa nguvu zote msukumo wa gesi utashuka, lazima liwekwe la 22. Yule wa kwenye simu angelijuaje hilo? Ama angeniongezea bei katikati ya kazi, ama angeliacha hivyohivyo.

Akafungua valvu ya rejeta moja, yakatoka maji meusi. Matope ya kutu. Ukiunganisha boila mpya kwenye maji yale, akasema, unaiua ikiwa changa. Kwa hiyo mfumo wote uoshwe kwa dawa, na kichujio chenye sumaku kifungwe kunasa kutu itakayobaki. Hizo kilowati 35 alizikataa kabisa. Siku ya baridi kali kuliko zote nyumba yangu inahitaji kama kilowati 7 tu, kinachodai nguvu zaidi ni maji ya kuoga, na kwa bafu moja 24 zinatosha. Ile nyingine ingekuwa sufuria la shughuli la kupikia uji wa mtoto mmoja.

Kuna na hili, ambalo wengi wanaibiwa bila kujua. Tangu 2005, kule England boila mpya za gesi karibu zote lazima ziwe za aina inayokamua joto hata kwenye mvuke wa moshi wake. Zinakamua sawasawa maji yanaporudi yakiwa chini ya nyuzi kama 55. Mafundi wengi wanafunga, wanaacha maji yakitoka na nyuzi 75 au 80, wanaondoka, na wewe unalipa gesi inayopaa angani. Mzee alizishusha nyuzi hizo, akanionyesha namna ya kuzipandisha baridi ikizidi. Na bomba dogo la kutoa matone ya ule mvuke, lile linaloganda Januari na kuzima boila, upande wa nje aliliweka nene na kulivisha.

Jioni ile ya kwanza, sijasaini chochote, sijatoa hata senti, mwanawe alirudi kwenye gari akaleta hita mbili za umeme. "Za watoto," akasema, "tutazichukua siku ya kufunga." Nilimpigia mama usiku uleule nimwambie.

Bei yake aliandika kitu kimoja kimoja: boila, bomba, kuosha, kichujio, taarifa kwa halmashauri na cheti chake. Malipo ya awali nililipa kwa kadi ya mkopo, maana kwa sheria ya 1974, ukinunua kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 na muuzaji akavunja mkataba, benki nayo inawajibika. Waranti ni miaka 10, kwa sharti boila ikaguliwe kila mwaka.

Mafundi wa Moshi siwadharau, baba mdogo. Wana mikono mizuri, na ukiwapa mafunzo yale na vipimo vile wataifunga. Kinachokosekana ni mtu wa kumwajibisha fundi akishaondoka.

Na ninyi wa viza: mtaanza kwa kupanga nyumba ya mtu. Kabla ya kuhamia, mwenye nyumba anapaswa kukupa nakala ya cheti cha ukaguzi wa gesi, na ukaguzi ni kila mwaka, kwa gharama yake. Kwa England, tangu Oktoba 2022, chumba chenye boila lazima kiwe na king'ora cha kaboni monoksidi. Kibonyeze usikie kama kinalia, ndipo ulipe kodi.