Kioo cha Kunyolea

Mwaka 1999 mjomba wangu, fundi wa TV pale Bondeni, Nakuru, aliitwa kwenye kibanda cha gemu. Mwenye kibanda alikuwa amefunga kiti kuukuu cha Nissan na usukani mbele ya TV ya inchi 29, karibu hadi magoti ya dereva yakagusa meza. Vijana walilipa shilingi 10 kuendesha gari la mashindano, kisha wakalalamika: barabara ina mistari myeusi, unaiona kama uko nyuma ya mkeka.

"TV imeharibika," akasema mwenye kibanda.

"Haijaharibika, mzee. Mmeikaribia mno."

Mtu mwingine angeishia hapo. Mjomba aliendelea kunieleza huku akifungua mgongo wa TV: picha ya stesheni ina mistari 625, huja nusu kwa nusu, ya witiri kwanza, kisha ya shufwa inajaza katikati. Nusu 50 kila sekunde, jicho linaziunga. Mashine ya gemu huchora mistari kama 312 palepale kila mara, kwa hiyo katikati hubaki giza. Akaongeza kwamba Waingereza, enzi za TV zao za mistari 405, waliwahi kuutikisa mwale wa elektroni unaochora picha juu-chini kwa kasi ili kila mstari unenepe.

"Sisi tuna bisibisi," akasema.

Alinionyesha kofia ya mpira iliyobandikwa kwenye tyubu. "Hapo pana volti zaidi ya 20,000. Ukipagusa hutapata hata nafasi ya kuniaga." Kisha akanituma mbele nishike kioo chake cha kunyolea, aone picha akiwa nyuma. Mikono ilitetemeka, na kila ilipotetemeka alinifokea.

Kwenye flaibeki, kifaa kinachozalisha volti hizo, kuna vifundo viwili. Akagusa cha fokasi, kinachonoa au kufifisha picha, kidogo, kidogo tena. Mistari ikavimba, ikagusana, ikayeyuka. Kwenye kioo barabara ilikwenda kinyume, lakini ilikuwa nzima.

Tatizo likawa tarakimu za spidi: 8 na 3 sasa zilikuwa mapacha. Kijana mmoja akadai arudishiwe pesa zake. Dereva wa matatu ya Eldoret, aliyekuwa akingoja gari lijae, akamsukuma kando, akaketi, akainamia usukani.

"Huu sasa ni ukungu wa Mau Summit saa kumi na moja alfajiri," akasema, akapunguza mwendo.