Shimo kwenye bonsai ya bogenvilia: usilizibe kwa saruji

Mti unaooza tumboni, hata ule mdogo wa chunguni tunaouita bonsai, si lazima uwe unakufa. Uhai wa shina uko kwenye ganda na tabaka za ukuni zilizo karibu nalo. Moyo wa shina ni ukuni uliokwisha kufa, na huo ndio chakula cha kuvu. Ndiyo maana bogenvilia yenye tumbo tupu bado huchanua vizuri tu.

Kinachoamua ni maji. Ukuni wenye unyevu chini ya asilimia 20 hivi kuvu haiuwezi. Sasa chukua shina lililokatwa bapa juu, uliweke barazani Unguja au Pemba kuanzia Machi mpaka Mei: litakaukia wapi? Na ukuni wa bogenvilia ni laini tangu mwanzo, wala hauna ubishi wa mkwaju.

Tafuta msumari wa inchi 3. Sukuma kwa mkono, usigonge. Ukuni mzima huukatalia. Ukizama sentimita nzima bila nguvu, pameoza. Angalia na kinachotoka: kikiwa cheupe na nyuzinyuzi kama makapi ya muwa, au cha kahawia kinachokatika vipande vya mraba na kusagika vidoleni, vyote viwili ni kazi ya kuvu.

Chokoa kwa patasi nyembamba, utoe kile kinachokubali kutoka. Ukikuta ukuni mgumu, hata kama umegeuka rangi, simama hapo. Mazoea ya zamani yalikuwa kukwangua mpaka ukuni mweupe safi. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti, alieleza kwa nini hilo ni kosa: mti hauponyi donda lake, hulizungushia ukuta ili uozo usivuke. Ukiukata ukuta huo kwa patasi, umeifungulia kuvu mlango wa ukuni mzima.

Halafu inakuja saruji, ambayo mafundi wa bustani wanaipenda mno. Saruji haishikani na ukuni. Shina likitanuka na kusinyaa, hubaki ufa mwembamba kama unywele. Maji ya mvua huingia humo na hayatoki. Ukiibandua utakuta nyuma yake ukuni umekuwa uji. Vanishi nayo ina tabia hiyo hiyo, ila inaanza kwa kung'aa.

Dawa ya shimo ni umbo lake. Chonga mdomo wa upande mmoja uwe chini kuliko kitako cha shimo, maji yateremke nje yenyewe. Kama shimo ni refu kama kikombe, toboa kwa keekee ya milimita 5 kutoka kitakoni, lakini pitia kwenye ukuni uliokufa tu. Kisha weka mti chini ya paa penye upepo, wiki mbili au tatu, ukimwagilia udongo bila kulowesha shina.

Ukishakauka, paka mchanganyiko wa chokaa na salfa uliochemshwa, mara mbili, siku isiyo na mvua. Funika udongo kwa nailoni, maana ukidondokea mizizi unaiunguza. Harufu ni ya mayai viza, kwa hiyo fanyia nje, na usiuchanganye na kitu chenye asidi, hata siki. Chokaa ya kupakia ukuta peke yake haifanyi kazi hii. Sehemu iliyolainika kidogo inyweshwe supaglu nyepesi, ikiwa kavu kabisa. Ukuni mbichi hauinywi.

Kazi yote hii ni ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi, au ya kipupwe. Kukata matawi makubwa ni hesabu nyingine: kata mti unapokaribia kuchipua, ganda lifunike donda haraka, na kata kwa mshazari, usikate bapa.

Ukikuta chini ya shimo chembe kavu zinazomiminika kama mchanga, basi hiyo si kuvu. Ni mchwa wa ukuni mkavu, na chokaa na salfa haimfikii alipo.