"Bima au keshi?" Siku yangu dirishani

Nikisema nafanya kazi hospitali, watu wanaanza kunisimulia vidonda vyao vya tumbo. Mimi si daktari wala nesi. Mimi ni yule dada wa dirisha la bima, anayeitazama kadi yako, akakutazama wewe, akaitazama kadi tena, halafu akasema "subiri kidogo." Mnavyonisema mkishageuka navijua, kioo chetu si kizito kiasi hicho. Hospitali ni ya kanisa, nje kidogo ya jiji la Mbeya. Siku yenyewe ni Jumatatu ya wiki iliyopita.

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa sita huku kwetu maji yanauma kama yametoka kwenye jokofu. Chai, mtoto anakohoa, maagizo kwa dada, bajaji. Basi.

Saa 1:15 nawasha kompyuta, na foleni imeshazunguka mti wa parachichi. Swali langu kwa kila mtu ni moja: "Bima au keshi?" Nimelisema mpaka mume wangu ananitania nalo nikiota. Ukijibu keshi, nenda dirisha la pili, Mungu akubariki. Ukijibu bima, ndipo tunaanza. Ipi? Ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ile ambayo mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3? Ya kampuni binafsi? Au CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambao kaya huulipia kwa mwaka? Halafu wapo wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Hao hatuwatozi, kwa sababu halmashauri ina mkataba na hospitali.

Ndiyo maana mabishano ya "matibabu yawe ya serikali au ya binafsi" huwa yananichekesha. Jengo tunalokaa ni la kanisa. Daktari wa wodi ya wazazi mshahara wake unatoka serikalini, na chanjo zinaletwa na gari la serikali. Mimi na mlinzi tunalipwa kwa makusanyo ya madirisha haya mawili. Mganga mfawidhi wetu ni sista. Haya, niambie wewe hiyo ni hospitali ya nani.

Saa 2 mpaka saa 4, kadi, namba ya uthibitisho, fomu, anayefuata. Mtandao ulikata mara moja tu, dakika ishirini. Kwa Jumatatu hiyo ni neema.

Saa 4 akaja mwalimu.

Nasema mwalimu kwa sababu alijitambulisha hivyo kabla ya salamu. Kadi safi, picha ni yake, namba ya uthibitisho ikatoka. Nikafurahi. Saa 5 karudi na cheti cha dawa za presha. Kukisoma, dokta wetu kijana ameandika jina la kampuni badala ya jina la dawa yenyewe. Kwenye kitita cha Mfuko, yaani orodha ya huduma na dawa unazozilipia, jina hilo halimo, na nikilipitisha hivyo madai yatarudi na kalamu nyekundu, hospitali itakosa hela. Nikamwambia, "Mwalimu, samahani, rudi kwa daktari abadilishe." Akanitazama kama vile mimi ni mwanafunzi aliyeandika kizazi badala ya kizizi. Akaenda. Kwa daktari nako kuna foleni.

Saa 5:40 karudi, cheti kimebadilishwa. Dirisha la dawa: imeisha. Msambazaji hajaleta kwa sababu tunadaiwa naye, na tunadaiwa kwa sababu na sisi madai yetu ya miezi ya nyuma hayajalipwa yote. Huo mnyororo utamweleza nani mtu aliyesimama tangu asubuhi? Nikamjazia fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka la nje lenye mkataba, liko Mwanjelwa. Akaiweka mfukoni bila neno.

Saa 7:20, nimeinua mguu niende kula, huyo hapo. Duka limeikataa fomu. Haina muhuri.

Muhuri ulikuwa pembeni yangu, juu ya kibweta cha wino, umekaa tu. Niliusahau mimi. Mwalimu akaiweka fomu kwenye kaunta taratibu, akaigeuza inielekee, akaweka kidole pale panapotakiwa muhuri. Kisha akaanza. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea kufundisha darasa la watoto tisini.

"Nakatwa tangu mwaka 2004! Kila mwezi! Hata sijaumwa nakatwa! Yule kijana pale," akamnyooshea mtu wa watu aliyekuwa anakunywa soda, "tulikuwa naye kwa daktari, dawa hiihii, kaenda duka la hapo getini, katoa hela, kameza! Mimi niliyelipa miaka yote hii ndiye natembezwa kama mbuzi wa mnadani!"

Foleni nzima ikasema "eeh." Kuna mama alipiga makofi.

Nikapiga muhuri. Nikasema, "Mwalimu, kosa hili ni langu, nisamehe." Unajua kilichoniuma? Hakutegemea kuombwa radhi. Akasimama kimya, akakunja fomu mara nne, akasema, "Haya mwanangu," akaenda kupanda daladala ya Mwanjelwa kwa mara ya pili. Nauli hiyo hairudishwi na mfuko wowote.

Chakula nikala saa 8, kwa mama ntilie wa getini: wali, maharage, mboga ya majani. Dokta kijana alikuwepo, na nilikuwa na hasira naye. Jioni yeye hufanya kazi kwenye kliniki ya mtu binafsi huko Soweto, kwa hiyo kila kitu anakipima kwa kliniki ile. "Waacheni watu washindane," anasema, "dawa hazitaisha." Muuguzi mmoja wa siku nyingi, tunamwita mama na ni mama kweli, akamuuliza kama anajua serikali ilipiga marufuku hospitali za biashara mwaka 1977, ikaja kuziruhusu tena 1991. Dokta hajui, hakuwa amezaliwa. "Basi mimi nilikuwepo," akasema mama. "Matibabu yalikuwa bure, na kuna wakati mgonjwa alikuja na pamba yake na bomba lake la sindano. Mwaka 1993 wakaleta uchangiaji. Tangu hapo kuna anayeogopa kuja kwa sababu ya hela, na kuna anayekuja akapata dawa kwa sababu ya hiyohiyo hela." Dokta akaleta Uingereza, wanaolipia matibabu kwa kodi tangu 1948, na Ujerumani na mifuko yao ya bima tangu 1883. Mama akamjibu kwamba Ujerumani hawapandi daladala mara mbili kwa ajili ya muhuri. Wote wakanigeukia. Habari zilishafika.

Mimi nasimama wapi? Mchanganyiko wa serikali na binafsi nauunga mkono. Machi 2024, kitita kipya kilipoanza na hospitali nyingi binafsi zikatangaza kusitisha huduma kwa wenye kadi za Mfuko, simu yangu haikutulia: wajomba, majirani, wanakwaya, "kadi inapokelewa?" Siku hizo ndipo watu walijua jinsi serikali inavyozitegemea hospitali za watu wengine, na zenyewe zinavyoutegemea Mfuko. Ninachokataa ni hiki: mkataba wanauandikiana wakubwa, kazi ya kuziunganisha pande mbili inaachiwa miguu ya mgonjwa. Na mimi dirishani.

Saa 9 hivi akaingia mzee kutoka milima ya Umalila na mkewe. Bibi anapumua kwa shida, kajifunika mablanketi mawili. Kadi ya CHF wanayo, hai kabisa, ila hawana barua ya rufaa, na CHF bila rufaa kwetu haifanyi kazi. "Shikamoo baba. Mlipita zahanati?" Walipita, wakakuta mhudumu amekwenda semina. Wa kuwaandikia barua nani sasa? Nikamwita sista, akaangalia bibi mara moja tu, akasema, "Oksijeni kwanza, makaratasi baadaye." Kwa sista huwa sibishani.

Afisa ustawi wa jamii, anayeshughulikia wasioweza kulipa, alikuwa ameshatoka, kwa hiyo deni likabaki kwangu, kwenye daftari jekundu. Mzee akaeleza kwamba hela ya pareto inalipwa wiki ijayo, atakuja. Nikaandika. Akaomba nimgeuzie daftari. Akavaa miwani yenye mguu mmoja uliofungwa uzi, akasoma jina lake herufi kwa herufi, akanirekebisha "r" iliyotakiwa kuwa "l."

"Andika vizuri, mama," akasema. "Sitaki deni langu adaiwe mtu mwingine."

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Ilikuwa siku ya kufunga madai ya mwezi, fomu zimenizunguka kama kuta, na kila fomu naitafuta sahihi ya daktari, namba ya ugonjwa, tarehe. Moja ikikosekana, hela haiji. Watu wanaona karatasi. Mimi naona mshahara wa mlinzi, dizeli ya jenereta, na dawa za presha za mwalimu. Nilimfuata dokta kijana wodini na fomu kumi na saba zisizo na sahihi yake. Alizisaini amesimama, bila kunitazama. Nje giza, baridi imeshuka, mgongo hauna mwenyewe.

Nimepanda bajaji nikakumbuka kikohozi cha mtoto. Kadi yake ninayo kwenye pochi, na dirisha letu la dawa la usiku lilikuwa wazi nyuma yangu, watu kama kumi na wawili kwenye benchi. Nikamwambia dereva aendelee, anisimamishe kwenye duka la dawa la Mafiati.

Binti wa duka akashusha chupa ya dawa, akaifuta vumbi. "Bima au keshi, dada?"

Nikatoa noti ya elfu kumi.