Siku yangu ya kula bata

Mtaani kwetu Arusha wanasema sisi waongoza watalii tunakula bata tu. Jumanne nilimla kweli, kwa macho, karibu saa nne nzima.

Saa 10 alfajiri niko macho. Saa 11 nakagua maji, oili, tairi, boksi za chakula cha wageni. Geti la Ngurdoto, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, likifunguliwa, tuko wa kwanza. Mbega, twiga, nyati, picha, twende.

Saa 3 tukafika maziwa ya Momella, na siku ikagoma hapo. Mgeni wangu, mzee wa Kiingereza, alikuwa na shida moja tu: bata makoa dume. Nikampata, kule nyuma ya heroe. Mzee akatazama kwa darubini.

"Huyu nilishamwona Uhispania."

"Hapana, mzee wangu. Yule ni ndugu yake, bata kichwa-cheupe."

Wote wawili wana mwili wa rangi ya kutu, mdomo wa buluu na mkia mgumu wanaousimamisha kama ufagio wa chelewa. Ila dume wa kule kichwa ni cheupe, na mdomo umevimba shinani kana kwamba kaumwa na nyuki. Wetu kichwa ni cheusi tii, mdomo hauna nundu. Majike ndio kesi: kahawia, michirizi shavuni, ukikurupuka kusema unaumbuka.

Mzee hakukubali. Akanisomesha: mwaka 1977 Uhispania walibaki bata kichwa-cheupe 22 tu, halafu wakaja bata wa Kimarekani waliotoroka kufugwa Uingereza, wakaanza kuzaa nao machotara. Nayajua yote hayo. Nikaitikia, mgeni hakatizwi.

Na huyo bata naye ni mpiga mbizi. Mzee akishapata sawa darubini yake, bata kazama. "Yuko wapi?" Kulia. "Yuko wapi?" Kushoto, karibu na vibisi, wale ndege wadogo wa majini. Jua linachoma bati, shingo inauma, tumbo linanguruma. Ilikuwa saa 6, au 7, sijui.

Mwishowe dume akaibukia karibu, akajikung'uta, akageuza kichwa. Mzee akanyamaza, akatoa kidaftari, akaandika. Asante sikuisikia.

Kurudi, kushusha wageni, kuosha tope. Nafika nyumbani usiku, jirani yuko kibarazani.

"Ndugu yangu, leo tena ulikuwa unakula bata?"

"Wa kichwa cheusi," nikamjibu, nikaingia kulala.