Jumapili Istanbul, Laleli Ikiwa Imefungwa

Shangazi yangu amekwenda Uturuki mara saba kufuata mzigo wa Kariakoo, na mpaka Oktoba 2024 alikuwa hajauona mji wa Istanbul wenyewe. Anachokijua ni Laleli: duka gani la jumla lina magauni yasiyochuja, kago ipi inapima kilo kwa haki, hoteli ipi lifti yake inaingia marobota. Safari hiyo nilimsindikiza mimi pamoja na jirani yake wa dukani, mama wa Kichaga. Tulifika Jumamosi usiku, na Jumapili Laleli hufunga. Ndipo aliponiambia, "Haya mwanangu, tupeleke kwenye hayo mambo yako ya kale. Ila nisichoke, kesho nina kazi."

Tulitoka kwa miguu tukifuata reli ya tramu kupandisha Beyazıt. Nilikuwa nimepanga tuanzie Kapalıçarşı, lile soko lenye paa ambalo chimbuko lake ni enzi za Sultani Mehmed II, baada ya kuuteka mji mwaka 1453. Lina maduka yanayokaribia 4,000. Tukakuta lango limefungwa. Mimi bingwa wa ramani sikujua kwamba nalo Jumapili halifunguliwi. Shangazi akachungulia kwenye upenyo wa mlango. "Maduka elfu nne, na hakuna hata moja la kuniuzia maji." Akaondoka.

Mbele kidogo alikuwepo mzee wa ndevu nyeupe anauza simit, mikate ya duara iliyovikwa ufuta. Alipotuona tu akasema, "Merhaba!" Shangazi akasimama. "Huyu baba vipi? Sijamwamkia, keshaitikia?" Nikamweleza kwamba kwao hiyo ndiyo salamu. Hakuridhika. Kuanzia pale kila mzee tuliyepishana naye akawa anamwahi, "Shikamoo baba!" Na kwa kuwa mzee wa Kituruki akisalimiwa kwa lugha asiyoijua hurudisha salamu ya kwao, wengi walijibu, "Merhaba." Siku nzima Shangazi aliamkia na kuitikiwa kama yuko Tandika.

Sultanahmet, mtaa wa majengo ya kale, kulijaa watu kama Kariakoo ya mkesha wa Idi, ila Kariakoo kila mtu ana anakokwenda. Hapa mtu anasimama ghafla mbele yako, anainua simu, nyuma mnagongana. Waongoza watalii wameinua miavuli ili kondoo wao wasipotee. Uwanja wa zamani wa mbio za farasi tuliupita haraka. Kuna mnara wa jiwe wa Farao Thutmose III, uliosimamishwa pale mwaka 390, na jirani alitaka tu kujua waliubebaje kutoka Misri. Sikuwa na jibu la maana. Nikasema kwa meli.

Ayasofya ndiyo iliyotutenganisha. Jengo lilijengwa kwa miaka mitano tu, 532 hadi 537, likawa kanisa kwa zaidi ya miaka 900, kisha msikiti, kisha makumbusho, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Siku hizi anayekuja kuswali anaingia chini bure. Mtalii wa kigeni analipa euro 25 na kupandishwa ghorofani. Askari alimtazama Shangazi na baibui lake, akatuonyesha mlango wa waumini. Jirani akabaki kwenye foleni ya tiketi akipiga hesabu: "Euro ishirini na tano! Hayo ni madera mangapi?" Nilidhani atatusubiri nje. Akalipa.

Adhuhuri iliadhiniwa saa saba kasoro kidogo. Nilivua viatu, nikakanyaga zulia la kijani lililopauka kuelekea samawati, nikainua kichwa. Kuba lile lina upana wa mita 31 na ushei, na kileleni ni kama mita 55 kutoka sakafuni, lakini namba hazisaidii kitu ukiwa umesimama chini yake. Kilichonishangaza zaidi ni safu zetu. Zulia lina mistari, na mistari ile imekaa mshazari dhidi ya jengo, kwa sababu waliojenga kanisa hawakulielekeza Makka. Watu mamia tumesimama upande kidogo ndani ya nyumba iliyonyooka. Ukutani mbele yetu, juu ya mihrabu, palikuwa na pazia jeupe.

Tulipokutana nje Shangazi alikuwa kimya, jambo adimu. Jirani naye alikuwa na picha nyingi kwenye simu, ila hakuzionyesha kwanza. Njaa ilikuwa inauma.

Tukateremka Eminönü kwenye Soko la Misri, la karne ya 17, ambalo kodi za maduka yake zilikuwa wakfu wa msikiti wa jirani. Hapo Shangazi akarudi kuwa Shangazi. Mzaliwa wa Pemba, usimpitishe mbele ya gunia la karafuu. Muuzaji akasema "karanfil", yeye akasema "karafuu", wakacheka. Akachukua moja, akaitafuna, akaitema kwenye leso. "Kavu. Mafuta yameshatoka." Mdalasini wakauita "tarçın", na sisi kwetu wengine husema dalasini, ukiyatamka mfululizo unasikia ni ndugu.

Tulipogeuka, jirani hayupo. Bando hana, Kituruki hajui, na umati unakusukuma kama maji. Tulizunguka karibu nusu saa. Nilianza kujipanga nitamwambia nini mume wake. Tukamkuta kwenye uwanja wa mbele ya msikiti, katikati ya njiwa, anakula hindi la kuchoma. "Hawana ndimu wala pilipili," akasema, kana kwamba sisi ndio tuliopotea.

Jioni tukapanda kivuko cha Üsküdar. Nilipowaambia ng'ambo ni bara la Asia, Shangazi alitazama maji, akatazama tiketi. "Kwa nauli kama ya pantoni la Kigamboni?" Tukaagiza chai ya vigilasi vyenye kiuno. Shakwe waliruka sambamba na chombo wakidaka vipande vya simit hewani.

Hapo ndipo jirani alipotoa simu. Kutoka ghorofani alikuwa ameona Yesu wa vijiwe vya dhahabu, na Maria pembeni yake, nusu ya chini imebanduka. Akapeleka picha nyingine: lile pazia jeupe la mbele yetu, limepigwa kutokea juu na kwa pembeni, na nyuma yake Maria amempakata mtoto. Shangazi akaikuza kwa vidole viwili. "Bibi Maryamu," akasema taratibu. "Nami nilikuwa hapo chini tu."

Aliiangalia mpaka skrini ikazima yenyewe. Akairudisha simu, akauliza ile foleni ya euro 25 inaanzia mlango upi.