Usiku wa Longido

Kabla sijavaa kombati nilikuwa mgumu. Ndivyo tunavyoitana sisi wabeba mizigo wa Kilimanjaro. Njia ya Marangu naijua kwa nyayo: kambi za Mandara, Horombo, Kibo, kisha usiku wa manane kuelekea Gilman, ukingoni mwa kreta.

Usiku ule tulikuwa zoezini mkoani Arusha, upande wa Longido. Platuni ya watu 30, kila mmoja na silaha, begi na chupa mbili za maji. Mwezi hakuna, tochi marufuku. Kiongozi wetu, kijana mwenye nia njema kabisa, aliwapanga wenye kasi mbele. Haikupita nusu saa mstari ukakatika.

Mimi nilikuwa nyuma na mwenzangu mmoja wa pwani, hajawahi kupanda mlima maishani. Wa mbele wakisimama dakika tano, sisi dakika hizo tunazimaliza kuwafikia. Tukifika tu, wao wanaondoka. Aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Nilikasirika, na hata leo nikikumbuka nakasirika.

Mwenzangu alianza safari na sweta mwilini kwa kuogopa baridi. Sasa lilikuwa limelowa jasho, upepo wa juu ukampiga, akawa anatetemeka. Nikamuuliza kwao ni wapi. Alitaja nusu ya jina la kijiji, pumzi ikamkata. Mlimani hicho ndicho kipimo chetu: mtu akishindwa kuongea, mwendo si wake. Nikatikisa chupa zake. Zote tupu.

Hapo nikaogopa kweli. Novemba 1914 Waingereza waliupanda mlima huohuo wa Longido usiku kuwashambulia Wajerumani. Baghala waliobeba maji hawakuwafikia, na jioni yake ikabidi warudi nyuma.

Nilipita kando ya mstari mpaka mbele.

“Afande, naomba kuongea.”

“Sema.”

“Mlimani, anayemfuata kiongozi ni mnyonge. Wenye nguvu tunakaa nyuma.”

“Hapa hatupeleki watalii.”

“Ndiyo, afande. Maskauti wabaki mbele kabisa. Huyu mwenzetu afuate nyuma yao, mwendo uwe wake.”

Alitazama saa, akatazama lile giza tulikotoka. “Mlete.”

Nilimvua sweta, nikampa langu kavu, nikamnywesha maji yangu kidogo kidogo. Begi lake nikalifungua lote: risasi zilikuwa chini kabisa, zinamvuta nyuma kila hatua. Nikazipandisha juu, usawa wa mabega, zimguse mgongo. Halafu nikamwonyesha hatua yetu ya Kibo. Kanyaga kwa unyayo mzima. Nyoosha goti la mguu wa nyuma, uzito ukae kwenye mfupa, misuli ipumzike. Vuta pumzi. Ndipo uhamishe mguu.

Kilimanjaro tungeimba, tungeitana. Pale ukimya ulikuwa amri, kwa hiyo tukahesabiana kwa kugusana. Mimi wa mwisho namgusa bega aliye mbele yangu, namnong'oneza “moja”, naye anaipeleka “mbili”, hivyo hivyo hadi kwa afande. Mwendo ulikuwa wa pole mno, wengine wakanung'unika. Lakini hatukusimama tena kusubiriana, na mawe yaliyokuwa yakiporomoka chini ya buti za watu wenye haraka yakatulia.

Tulifika kwenye mgongo wa mlima kabla ya kupambazuka. Niligusa bega la mbele yangu mara ya mwisho. Baada ya muda jibu likarudi kwangu, mdomo kwa mdomo, kutoka kwa afande: “Thelathini.”